Masomo Mia Mbili na Kumi na Manne Yaliyoachwa Bila Lebo

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, jikoni, dukani au juu ya meza ya fundi, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye sauti yake haikusikika kwa urahisi.

Tunamkumbuka mwalimu. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameketi kitini. Umri wake ulikuwa miaka sabini na moja. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka ishirini na tisa. Kisha akafanya kazi miaka minne katika ofisi ya mitaala. Shika hiyo, msikilizaji: ishirini na tisa darasani, minne ofisini. Ile ishirini na tisa ilimpa jina. Ile minne ilimtoa roho polepole.

Bintiye, ambaye ni mfamasia, alifika hapa studioni juzi akiwa na sharti moja.

"Mama alisema msimvishe kilemba cha ukoka," alituambia. "Alisema mkimpaka asali, nzi watajaa."

Tumeahidi. Kwa hiyo anayesubiri kusikia kwamba marehemu alikuwa mpole na mnyenyekevu, abadilishe stesheni mapema. Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi wa kumenyea viazi. Alidharau uvivu wa kufikiri kuliko alivyodharau wizi. Mwizi, alikuwa akisema, angalau ametoka nyumbani na mpango.

Jina la Kwanini lilitoka wapi? Lilitoka darasani. Ukimwambia maji yamechemka, anauliza kwanini. Ukisema kwa sababu ya moto, anauliza moto umeyafanya nini hayo maji. Ukisema sijui, anafurahi. "Hapo sasa tumeanza," anasema, halafu anakaa juu ya dawati lako mpaka mpate jibu.

Nyumbani nako hapakukalika. Mdogo wake ni fundi baiskeli. Hebu msikie.

"Siku moja nilimwambia, dada, tairi langu limepasuka kwa bahati mbaya. Akaweka kijiko chini. Akasema, bahati mbaya ni jina la kitu usichotaka kukichunguza. Tukatoka nje, tukalifungua lile tairi, chakula kikapoa. Tukakuta kipande cha waya ndani ya rimu. Na waya wenyewe nilikuwa nimeuacha mimi. Hakunicheka. Alirudi tu mezani akala kile chakula kilichopoa."

Darasa lake lilikuwa na watoto sabini na wanne. Hakukuwa na maabara. Alifundisha hewa kwa pampu ya baiskeli, sauti kwa mkebe na uzi, mwanga kwa kioo kilichovunjika alichokizungushia gundi kingo zake kisimkate mtoto. Mkaguzi mmoja alikaa nyuma ya darasa lile na fomu yake, akamwuliza, "Mwalimu, hapa unatumia mbinu gani?"

"Natumia pampu," akajibu.

Mkaguzi akaandika kitu. Hatujui aliandika nini, lakini mwaka ule Mwalimu Kwanini hakupandishwa daraja.

Kilichomtoa darasani ni mvua. Ndiyo, mvua. Paa la bati, watoto sabini na wanne, na mwalimu anayeshindana na bati kwa kupiga kelele, mwaka baada ya mwaka. Alipofika miaka hamsini na miwili, daktari alimchungulia kooni akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Wakamfanyia upasuaji. Aliingia chumba cha upasuaji na sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Akatoka na mnong'ono. Ule mnong'ono ndio aliobaki nao hadi Jumanne.

Mwalimu asiye na sauti unampeleka wapi? Unampeleka ofisini. Huko, wasikilizaji wapendwa, mtu asiyesikika huwa hasumbui.

Walimpeleka ofisi ya mitaala, chumba namba tisa, ghorofa ya pili. Zamani kilikuwa stoo ya ramani. Dirisha lilikuwa limepakwa rangi likiwa limefungwa, kwa hiyo halikufunguka tena. Meza sita, kompyuta sita, watu sita, na feni moja iliyompulizia mtu mmoja tu.

Kazi yenyewe nitaieleza taratibu, maana ndiyo kiini cha habari hii. Mtaala ulikuwa na masomo elfu tano mia moja na themanini, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Kila somo lilitakiwa kutiwa lebo. Lebo inamwambia mwalimu somo hilo alifundishe kwa utaratibu gani. Taratibu zilikuwa kumi na moja. Kulikuwa na Fikiri-Jozi-Shirikisha: mtoto anafikiri peke yake, anazungumza na jirani yake, kisha analiambia darasa. Kulikuwa na Bungua Bongo, kila mtoto anarusha wazo lake, kulikuwa na Igizo, kulikuwa na Onyesho la Mwalimu. Na kulikuwa na Jaribio la Vikundi, ambapo watoto wanagawanywa na kufanya jambo kwa mikono yao. Unasoma somo, unachagua utaratibu unaolifaa, unabonyeza. Lebo inakaa juu ya ukurasa wa kiongozi cha mwalimu, upande wa kulia, ndani ya kisanduku cha kijani.

Wazo lenyewe halikuwa baya, na Mwalimu Kwanini hakulidharau. Bintiye anakumbuka jioni ya siku ya kwanza. Mama yake alirudi na furaha, akanong'ona kwa haraka mpaka akakohoa. Alisema kuna mwalimu mahali fulani ndiyo kwanza anaanza kazi, yuko peke yake na watoto themanini na kitabu kimoja. Ukimwambia kwa neno moja tu, hapa waache wabishane wawili wawili kwanza, umemwokoa.

Aliamini hivyo. Wengine wote humo ndani walikuwa wanaamini saa ya kwenda nyumbani.

Nisiwasingizie. Watatu walikuwa wakisoma kichwa cha somo, bila kusoma somo. Mmoja alitia Fikiri-Jozi-Shirikisha kwenye kila kitu kwa wiki nzima, na wiki iliyofuata akahamia Bungua Bongo, kwa ajili ya mabadiliko, alisema. Mmoja alifuata alfabeti. Somo linaloanza na herufi M lilipata Maswali na Majibu, iwe ni Mbegu au Mauti. Nawaambia msicheke, kwa sababu watoto wenu walifundishwa kwa kazi hiyo.

Na juu yao alikuwepo bosi. Naibu mkurugenzi. Mtu wa suti, wa miwani anayoivua kila anapotaka kuonekana anafikiri. Chumba namba tisa walimwita Bwana Asilimia. Hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza somo linasema nini. Alikuwa akifungua mlango nusu, anaingiza kichwa, anauliza, "Tuko asilimia ngapi?" Akijibiwa, anasema "Vizuri" au "Haitoshi", kichwa kinatoka, mlango unafungwa. Debe tupu, kama mjuavyo, huvuma. Hili lilivuma kwa hesabu.

Sasa, Mwalimu Kwanini alikuwa anasoma. Kila somo, mpaka mwisho. Na alipokuwa anasoma alikuta masomo ambayo hayakufaa utaratibu hata mmoja katika zile kumi na moja. Masomo ya hatari. Masomo ya huzuni. Somo la nyaya za umeme zilizodondoka. Somo la sumu ya panya. Somo la mtoto aliyefiwa na mzazi. Haya aliyaacha matupu. Mfumo uliruhusu: palikuwa na sehemu iliyoandikwa "Bila lebo". Na kwa kila somo aliloliacha tupu, aliandika sababu kwa mkono kwenye daftari lenye jalada gumu. Sababu moja, mstari mmoja au miwili.

Idadi yake ilifika mia mbili na kumi na nne. Narudia, mia mbili na kumi na nne. Wenzake watano hawakuacha hata somo moja tupu.

Kazi ikafika asilimia tisini na sita. Ikakwama hapo.

Bwana Asilimia akaingiza kichwa. "Tuko ngapi?"

"Tisini na sita."

"Juzi ilikuwa tisini na sita."

"Na kesho itakuwa tisini na sita," Mwalimu Kwanini akanong'ona. "Kazi imeisha, Mkuu."

Siku ile Bwana Asilimia aliingia mwili mzima. Akavua miwani.

"Mwalimu, kazi iliyoisha ni mia kwa mia."

"Hayo yaliyobaki ni matupu kwa makusudi. Sababu zake hizi hapa." Akamsogezea daftari.

Hakuligusa. "Wageni wanakuja tarehe ishirini. Niwaonyeshe ubao wenye tundu?"

"Waonyeshe mtaala, Mkuu."

"Mama yangu," alisema Bwana Asilimia, kwa sauti ile ya mtu anayempapasa mbwa wa jirani, "wewe ni mtu mzima. Usijichoshe. Haya yana ngazi zake."

"Ngazi hizo zinapanda tu," akauliza, "au kuna siku zinashuka?"

Wenzake waliinamia kompyuta zao wakijitia wanaandika. Bwana Asilimia akavaa miwani, akatoka.

Kilichofuata kilitokea chumba namba kumi na moja, kwa fundi wa kompyuta. Fundi huyu bado yu hai, ndiye aliyetusimulia. Bosi alikuja Ijumaa, saa tano asubuhi. Akamwambia jaza zote zilizo tupu. Fundi akauliza, nizijaze nini? Bosi akafikiri, akavua miwani, akasema, "Weka Jaribio la Vikundi. Wageni wanapenda kuona watoto wanashika vitu."

Fundi akabonyeza mara moja. Masomo mia mbili na kumi na manne yakapata lebo kwa mbonyezo mmoja, muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Nyaya za umeme zilizodondoka: Jaribio la Vikundi. Sumu ya panya: Jaribio la Vikundi. Mtoto aliyefiwa na mzazi: Jaribio la Vikundi. Mzee mzima, mwenye suti, alitoa amri hiyo na akaenda kula chakula cha mchana.

Tarehe ishirini wageni wakaja. Kwenye ukumbi palikuwa na skrini kubwa, na kwenye skrini palikuwa na namba moja, asilimia mia, yenye rangi ya kijani. Watu wakapiga makofi. Ikakatwa keki. Mwalimu Kwanini alikuwepo, safu ya tatu, na kipande cha keki kwenye kisahani cha karatasi. Hiyo keki tutaizungumza baadaye. Yeye mwenyewe alitaka izungumzwe.

Miezi saba ikapita. Viongozi vya mwalimu vikachapwa, vikapelekwa shuleni. Ukatoka waraka kwamba wakaguzi watapima walimu kwa lebo. Usipofuata lebo, unaandikwa mkaidi.

Katika shule moja alikuwepo mwalimu wa kike, kijana, mwaka wake wa pili kazini. Ratiba ilimpa somo la sayansi la darasa la sita, "Mafuta yanapowaka jikoni". Somo zuri. Linafundisha usimwage maji juu ya mafuta yanayowaka. Funika sufuria, zima jiko, rudi nyuma. Juu ya ukurasa, kulia, kwenye kisanduku cha kijani, palikuwa pameandikwa Jaribio la Vikundi. Yule mwalimu aliogopa. Alikwenda kwa mwalimu mkuu akamwambia, hili naona kama lina hatari. Mwalimu mkuu akamwambia, mkaguzi anakuja Jumatano, fuata lebo.

Jumatano, nyuma ya darasa, majiko manne, sufuria nne, vikundi vinne. Alikuwa ameandaa mifuniko minne na ndoo ya mchanga. Alijitahidi. Lakini watoto walikuwa hamsini na mikono yake ilikuwa miwili. Mafuta ya kikundi cha tatu yalishika moto juu kuliko walivyotarajia. Mtoto mmoja akashtuka, akamwaga maji.

Aliyeungua ni msichana wa miaka kumi na miwili. Uso, shingo na mkono wa kushoto.

Fomu ya mkaguzi tuliiona baadaye. Penye swali "Je, mwalimu amefuata lebo?" alikuwa ameweka alama ya ndiyo. Aliiweka saa nne na dakika kumi, mtoto akiwa ameshaungua. Gari la wagonjwa lilifika saa nne na nusu. Nimelitafutia jambo hili neno la staha, wasikilizaji, sikulipata.

Mwalimu Kwanini alizipata habari kwa redio. Kwa redio hii. Alikuwa jikoni kwake anakata vitunguu. Taarifa ya habari ilisema mwalimu mzembe amemuunguza mwanafunzi kwa kufanya mzaha na moto, na kwamba amesimamishwa kazi na anashikiliwa na polisi. Mzembe, ndivyo ilivyosemwa. Na aliyeisoma habari hiyo, bila kuuliza kwanini, ni mimi ninayezungumza nanyi sasa.

Alizima redio. Bintiye anasema aliondoka hajanawa mikono. Alifika ofisini akafungua ukurasa, akakiona kisanduku cha kijani mahali alipopaacha patupu. Akapanda moja kwa moja kwa Bwana Asilimia.

"Mkuu, somo la mafuta nililiacha bila lebo."

"Kwenye mfumo lina lebo."

"Nani kaiweka?"

"Mfumo."

"Mfumo una mikono?"

Bwana Asilimia alitazama nje ya dirisha lake, ambalo lilikuwa linafunguka. "Mwalimu, yule dada alikuwa na akili zake. Lebo ni mwongozo tu. Hatukumwambia awashe moto."

"Waraka wenu ulisema asipofuata ni mkaidi. Kafuata, mnamwita mzembe. Sasa niambie angefanya nini, mwanangu, ili na yeye alale kwake leo?"

Alimwita mwanangu. Bwana Asilimia alikuwa amempita umri kwa miaka miwili. Hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo alilowahi kulitoa ofisini, na hakulirudia.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Watu saba, meza ndefu, chupa za maji. Yule mwalimu kijana aliwekwa kwenye benchi la ukutani, nje, na mama yake pembeni. Mwalimu Kwanini aliingia na daftari. Walimpa kipaza sauti, kikapiga mluzi, akakisukuma. Ikabidi wazime kiyoyozi ili wamsikie. Wakubwa saba wakaanza kutoka jasho.

Akafungua daftari, akaanza kusoma sababu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zilikuwa fupi. "Nyaya zilizodondoka. Hakuna utaratibu. Mtoto asishike, asikaribie, asiigize. Mwambie tu, umwambie tena." "Kufiwa na mzazi. Hakuna utaratibu. Darasani yumo aliyefiwa jana. Mwalimu amtazame kwanza." "Mafuta yanapowaka. Hakuna utaratibu. Moto usiwashwe. Sufuria baridi na mfuniko vinatosha. Maji yasiwepo karibu, mtoto atayamwaga kwa hofu."

Mtoto atayamwaga kwa hofu. Ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa kalamu ya bluu, na tarehe ya mwaka uliotangulia.

Mwenyekiti alisema, "Inatosha, Mwalimu, tumeelewa."

"Bado," akanong'ona, akaendelea.

Alisoma mpaka ya mia moja na thelathini na kitu. Hapo hata mnong'ono ukakatika. Midomo ilikuwa inakwenda lakini hakuna kilichotoka. Alikunywa maji, akajaribu tena, ikawa hewa tupu. Bwana Asilimia akatabasamu kidogo. Wapo waliomwona.

Ndipo kwenye viti vya nyuma akasimama fundi wa kompyuta. Alikuwa ameitwa kueleza habari za mashine tu. Akaja mbele, akasema, "Samahani, Mwalimu," akalichukua daftari mikononi mwake. Akasoma zote zilizobaki, kwa sauti, moja baada ya nyingine. Alipomaliza ya mia mbili na kumi na nne, akalifunga. Akasema, "Zote hizi nilizijaza mimi. Nilibonyeza mara moja. Aliyeniagiza ni yule pale." Akanyoosha kidole.

Mtatarajia nini baada ya hapo? Radi? Haikupiga. Nitawaambia ilivyokwisha.

Yule mwalimu kijana aliachiwa baada ya miezi tisa, akahamishiwa shule nyingine, bila barua ya kumwomba radhi. Fundi wa kompyuta alifukuzwa kazi kwa kutoa siri za ofisi. Lebo mia mbili na kumi na nne zikaondolewa kimyakimya, kwa waraka ulioziita "marekebisho madogo ya kiufundi". Mwalimu Kwanini aliambiwa mkataba wake umefikia ukomo. Na Bwana Asilimia? Alipandishwa cheo. Akawa mshauri mkuu, katika ofisi yenye zulia. Ripoti ya kamati haijatolewa hadi leo, miaka kumi na minne.

Baada ya hapo Mwalimu Kwanini alianza kwenda hospitali. Mara mbili kwa wiki, mwaka mmoja na nusu, wakati yule msichana anabandikwa ngozi mpya, kidogo kidogo. Hakupeleka maua wala maneno matamu. Alipeleka vitabu vya shule. Yule msichana leo ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, anapima watu macho na kuwapa miwani. Tulimtembelea kazini kwake. Alizungumza nasi huku akifuta lenzi.

"Nilikuwa simtaki," alisema. "Nilidhani ni wa ofisini, kaja kunipiga picha. Akakaa, akanifundisha sehemu na desimali kwa kunong'ona. Nikiuliza nitakuwaje usoni, alikuwa hasemi nitakuwa mzuri. Alisema, sijui, tumuulize daktari, tukauliza. Yeye peke yake hakunidanganya."

"Alikwambia kilichotokea ofisini?" tulimwuliza.

"Aliniambia. Na aliniambia habari ya keki."

Hapa ndipo nilipoahidi kufika. Siku ile ya tarehe ishirini, Mwalimu Kwanini aliiona ile namba kwenye skrini. Asilimia mia. Alijua hesabu. Alijua ana masomo mia mbili na kumi na manne matupu, na kwamba yakiwa matupu, mia haiwezi kufika. Maana yake kuna mtu ameyajaza. Alijua pale pale, safu ya tatu. Angeweza kupanda ghorofani na kutazama. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amegombana mwezi mzima, na watu walikuwa wanampongeza, na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile mtu alikuwa amemvutia kiti. Akaketi. Akala keki.

"Mimi ndiye Kwanini," alimwambia mtoto yule kitandani. "Na siku moja tu iliyohitaji niulize, sikuuliza."

"Ukamjibu nini?" tulimwuliza.

"Nilikuwa mtoto. Nilimuuliza, ilikuwa tamu? Akasema, sana."

Alifuta lenzi, akaiinua kwenye mwanga.

"Alilia. Mimi nikalia kwa sababu alilia. Halafu tukarudi kwenye desimali."

Bintiye anasema kuanzia hapo mama yake hakuwahi kumdharau Bwana Asilimia kwa sauti. Alisema yule ni mtu asiyejua, lakini yeye mwenyewe ni mtu aliyejua. Aliihifadhi dharau yake yote kwa ajili ya nafsi yake, kwa miaka kumi na minne. Sisi, wasikilizaji wapendwa, hatukubaliani naye. Tunayo ya kutosha, na tunajua pa kuipeleka.

Maana jana imefika barua hapa kituoni. Karatasi nzito, muhuri, sahihi ndefu. Bwana Asilimia, sasa mstaafu, anaomba tuisome hewani. Bintiye tulimwuliza kama anaruhusu. Akasema someni sentensi moja, inatosha. Sentensi ndiyo hii: "Marehemu alikuwa nguzo ya mfumo wetu, na ni kwa juhudi zake tulifikia asilimia mia moja."

Basi. Hiyo ndiyo barua ya mtu mwenye miwani. Miaka kumi na minne ya kutazama, na bado hajaona.

Tulimwuliza yule mpimaji macho swali la mwisho, lile swali ambalo sisi watangazaji hupenda kuuliza kwa sababu linafanya msikilizaji ajisikie vizuri. Tulimwuliza kama amesamehe.

Akaweka miwani ya mteja kwenye kasha lake. Akatutazama, akauliza, "Kwani nani ameomba?"

Wasikilizaji wapendwa, salamu zetu za rambirambi zimwendee binti wa marehemu, mfamasia, na wajukuu zake watatu. Zimwendee mdogo wake, fundi baiskeli. Zimwendee fundi wa kompyuta, aliyesoma pale sauti ilipokatika. Poleni sana. Marehemu amezikwa jana alasiri. Shada lililotumwa na ofisi halikupokelewa.

Na kwa kila aliyekalia meza yenye nafasi tupu ya kujazwa, leo, kesho, popote ulipo: usiijaze kabla hujauliza nani aliiacha tupu, na kwa nini. Hilo ndilo la kutafakari. Lakini siwezi kuwaagiza ninyi kisha nikafunga kinywa changu.

Miaka kumi na minne iliyopita, kwenye kiti hiki, nilisema mwalimu mmoja ni mzembe. Hakuwa mzembe. Alikwenda kuuliza, akajibiwa fuata lebo. Bado anafundisha, labda sasa hivi yuko darasani na hanisikii, basi anayemjua amfikishie. Nilisoma nilichoandikiwa. Nilikosea.

Mwalimu, naomba radhi.